Nang'ata kucha, nang'ata mashavu, usiku nasaga meno na siku hizi natafuna barafu. Ni tabia tu au naumwa?

"Dokta habari. Mimi ni mwanamke wa miaka 31. Kucha nimeng'ata tangu mdogo, nimepakwa vitu vichungu, nimechapwa, haikusaidia. Miaka miwili hii nimeongeza kung'ata mashavu kwa ndani hasa nikiwa kwenye kompyuta, sasa nina mstari mweupe pande zote mbili naogopa ni kansa. Mume wangu anasema usiku nasaga meno mpaka anaamka yeye. Mama mkwe kasema ni minyoo, nimemeza dawa mara mbili hakuna kilichobadilika. Asubuhi taya zimekaza na kichwa kinauma huku pembeni. Halafu kuna kitu kingine sijui kama kinahusiana, kama miezi mitano natafuna sana barafu, naweza kumaliza trei nzima, na nikipanda ngazi pumzi inakata, na kucha zimekuwa laini zimebonyea katikati. Je ni stresi tu?"

Dada yangu, asante kwa kuandika kwa urefu, maana ungeandika "nang'ata kucha nifanyeje" ningekujibu mistari mitatu na ningekukosea vibaya sana. Umeleta mambo manne umeyafunga kwenye furushi moja ukaliita kung'ata, na hapo ndipo wengi wanapotea. Kung'ata ni kama kikohozi, ni kitendo, chanzo chake kinaweza kuwa hiki au kile. Mdomo wako unang'ata kwa sababu tofauti asubuhi, mchana na usiku, na lile jambo ulilolitaja mwishoni kwa "sijui kama kinahusiana" ndilo lililonifanya nirudi kusoma swali lako mara ya pili. Kwahiyo ntaanza nalo hilo, kansa uliyoiogopa itasubiri kidogo, na nikutoe wasiwasi mapema kwamba kwa ulivyoeleza haifanani na kansa.

Barafu. Mtu akitafuna kipande kimoja kwenye glasi siku ya joto hiyo sio habari. Lakini hamu inayokufuata kila siku kwa miezi, trei nzima, unaiwaza ukiwa mbali nayo, hiyo sisi tunaiweka kwenye kundi la pika, yaani hamu ya kula vitu visivyo chakula kama udongo, chaki, karatasi, na barafu nayo imo. Na hamu ya barafu hasa ina urafiki wa karibu mno na upungufu wa madini ya chuma mwilini. Inaweza kuanza hata kabla damu yenyewe haijapungua. Kuna utafiti mdogo ulichapishwa 2014, walichukua watu wenye upungufu wa damu wa madini ya chuma na watu wenye afya njema, wengine wakatafuna barafu wengine wakanywa maji ya kawaida, halafu wakapewa jaribio la umakini. Wenye upungufu waliokunywa maji walikuwa wazito kujibu, ila waliotafuna barafu ule uzito ukaondoka wakawa sawa na wenzao. Ndio maana wagonjwa wengi wananiambia barafu "inawaamsha", na mimi nawaamini.

Sasa unganisha na mengine uliyosema. Madini ya chuma ndiyo yanayotengeneza hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwahiyo yakipungua misuli na moyo vinakula kwa shida, unapanda ngazi pumzi inakata. Na kucha zilizobonyea katikati kama kijiko ni dalili ya zamani sana ya upungufu huu huu. Kwa mtu anayeng'ata kucha kuzisoma ni kazi, kwahiyo chukua kucha ambayo umeiacha kidogo, labda ya kidole gumba, weka tone moja la maji juu yake. Tone likikaa palepale katikati bila kuteleza, kucha imebonyea kweli. Sio kipimo cha hospitali ila kitakusaidia kumwonyesha daktari unachosema. Angalia pia kama pembe za mdomo zinachanika au ulimi umekuwa laini unang'aa, hizo nazo ni za familia hiyo hiyo.

Kitu kimoja nataka ukishike vizuri kwa sababu kinawarudisha watu nyumbani na majibu ya uongo. Mwili una akiba ya madini ya chuma, na yakianza kupungua unakula akiba kwanza, hemoglobini inashuka mwishoni kabisa. Ni sawa na mtu anayekula akiba yake benki huku kila mwezi anaonekana yuko vizuri. Kwahiyo ukienda ukapimwa HB (yaani hemoglobini) peke yake ukaambiwa iko sawa usiishie hapo, omba picha kamili ya damu pamoja na ferritini, hiyo ndiyo inayosoma akiba. Kwa mwanamke mtu mzima asiye mjamzito hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Ferritini chini ya 15 kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine Shirika la Afya Duniani linasema akiba imeisha, na madaktari wengi tunaanza kuuliza maswali ikiwa chini ya 30. Ila ferritini inapanda mtu akiwa na maambukizi au uvimbe mwilini, kwahiyo kama una homa au una kidole kimevimba usaha siku hiyo mwambie anayekupima, maana namba inaweza kuja nzuri kumbe ya kudanganya.

Na ukishajua yamepungua kazi bado, swali kubwa ni yanaenda wapi. Kwa mwanamke wa umri wako jibu la kwanza mara nyingi ni hedhi. Wanawake wengi wanaamini hedhi yao ni ya kawaida kwa sababu mama na dada zao nao wako hivohivo. Ukibadilisha pedi kila saa moja au mbili, ukitoa mabonge makubwa, ukizidisha siku 7, hiyo ni nyingi, inatibika na usiizoee. La pili ni ujauzito, hata kama unaona haiwezekani pima tu. La tatu ni tumbo, vidonda, au mtu anayemeza dawa za maumivu kama diclofenac, ibuprofen au aspirin mara kwa mara, na wewe una kichwa kinachouma kila asubuhi kwahiyo nakuuliza wazi: unameza nini kwa hicho kichwa, na mara ngapi kwa wiki?

La nne ni minyoo. Ndio, mama mkwe hakukosea asilimia mia, amekosea mlango tu. Minyoo ya safura inajishikiza kwenye ukuta wa utumbo inanyonya damu taratibu, na hiyo inaweza kumaliza akiba ya madini ya chuma. Lakini dawa inaua minyoo, hairudishi damu iliyonyonywa. Mtu anameza dawa, minyoo inakufa, upungufu unabaki, hamu ya barafu inabaki, halafu anasema "dawa haikufanya kazi". Kusaga meno usiku ndio kabisa, kunaendeshwa na ubongo ukiwa usingizini, tumbo halimo kwenye hiyo hesabu, ntafika huko.

Najua utashawishika kwenda kununua vidonge vya madini ya chuma kesho asubuhi. Naomba usubiri upimwe kwanza. Sio kwamba ni sumu, ila ukianza kabla ya kipimo namba zinavurugika na chanzo kinajificha, na pia kuna watu wenye matatizo ya kurithi ya damu kama thalasemia ambao wanaonekana wana upungufu kumbe madini ya chuma yamejaa. Ukishaandikiwa, kwa kawaida ni mara moja kwa siku au siku moja ndio siku moja hapana, usimeze pamoja na chai, kahawa, maziwa wala dawa za kupunguza asidi, vinazuia. Choo kitakuwa cheusi usishtuke, tumbo linaweza kufunga. Hamu ya barafu yenyewe ukipata dawa sahihi mara nyingi inakatika ndani ya siku chache mpaka wiki mbili hivi, kabla hata hemoglobini haijapanda, na wagonjwa hushangaa sana hapo. Shida ni kwamba wakijisikia wazima wanaacha. Endelea, maana damu ikishakuwa sawa bado tunahitaji kama miezi 3 zaidi kujaza ile akiba. Na vidonge vifungie mbali na watoto, mtoto akimeza vingi vinaua, sitanii.

Tuje usiku. Kusaga meno ukiwa umelala ni jambo la usingizi. Ubongo unapanda juu kidogo kuelekea kuamka bila wewe kujua, moyo unaongeza kasi, misuli ya kutafunia inakaza, na misuli hiyo ni kati ya yenye nguvu sana mwilini kwa ukubwa wake. Ile inayotanda hapo pembeni juu ya sikio, weka kidole halafu uma meno utaihisi inatuna, hiyo imefanya kazi usiku kucha ndio maana kichwa chako kinauma hapohapo na sio kisogoni. Stresi inachangia, ila kahawa za jioni, pombe na sigara navyo vinachangia, na baadhi ya dawa za sonona kama fluoxetine na sertraline zinaweza kuanzisha. Kama unatumia moja ya hizo usiache mwenyewe, rudi kwa aliyekuandikia mzungumze. Swali langu kwa mume wako: mbali na kusaga, unakoroma? Kuna wakati unakata pumzi halafu unashtuka kama mtu aliyezama majini? Kusaga meno na pumzi kukatika usingizini huwa vinatembea pamoja kwa baadhi ya watu, na hilo la pili linaleta kichwa asubuhi na uchovu mchana kwa njia yake lenyewe, kwahiyo lisipoulizwa tunaweza kusingizia taya kwa kosa la koo. Na miguu je, usiku inakuwasha kwa ndani au inakutaka uitikise tu ndio utulie? Hiyo nayo ina undugu na upungufu wa madini ya chuma.

Daktari wa meno anaweza kukutengenezea kifaa cha plastiki ngumu cha kuvaa usiku. Niwe mkweli, hakizuii kusaga, kinazuia meno yasiliwe, ni kama helmeti haizuii ajali. Bado nakipenda kwa mtu ambaye meno yameanza kuisha au kupata ganzi. Nisichokipenda ni mtu kuambiwa meno yake yachongwe "yakae sawa" ili aache kusaga. Jino likichongwa halirudi, na huko kuchonga hakutibu usingizi. Mchana fanya hivi, midomo ifungwe meno yaachane, ulimi ukae juu nyuma ya meno ya mbele, hayo ndiyo mapumziko ya taya, maana kwa kawaida meno ya juu na ya chini yanatakiwa kugusana wakati wa kutafuna na kumeza tu. Weka alama ndogo kwenye kompyuta yako, kila ukiiona jiulize meno yangu yanagusana? Utashangaa ni mara ngapi.

Hapa barafu na kusaga vinakutana na ndio maana nimekazana hivi. Meno yamebanwa usiku kucha, asubuhi unayapa kitu kigumu cha baridi kali uyavunjie. Magego yaliyopasuka kwa mtindo huo nimeyaona ya kutosha, na ufa ukishuka mpaka kwenye mzizi hakuna cha kuziba, jino linang'olewa.

Mashavu sasa. Mstari mweupe unaopita usawa wa pale meno ya juu na chini yanapokutana, uko pande zote mbili, hauumi, hiyo ni sugu. Kabisa kama sugu ya mkono wa mtu anayelima, ngozi ya ndani inajikinga kwa kukakamaa. Ukiwa unang'ata sana panaweza pia kuwa na vinyuzi vinyuzi vyeupe kama vimechanika, bado ni kitu kilekile na havigeuki kuwa kansa. Vinavyonitoa kwenye kiti ni vingine: doa jeupe au jekundu upande mmoja tu ambalo halifutiki na halina sababu, hasa chini ya ulimi au ubavuni mwake, kidonda kilichopita wiki mbili bila kupona, sehemu imekuwa ngumu ukiigusa, ganzi ya mdomo au kidevu, au uvimbe shingoni. Hayo, na zaidi kama mtu anavuta au anatafuna tumbaku, usimuulize dokta wa kwenye simu, nenda ukafunguliwe mdomo. Wewe jaribu kuacha kung'ata wiki mbili tatu uone kama mstari unafifia. Pia mwonyeshe daktari wa meno, maana wakati mwingine kuna jino limevunjika ncha au gego la mwisho limeota vibaya linalivuta shavu ndani, na hapo unaweza kujilaumu miaka kwa kitu ambacho dakika tano za kulainisha ncha zingemaliza.

Nimeacha kucha mwisho kwa sababu ndizo ulizochapiwa na ndizo zenye hatari ndogo. Kung'ata kucha, kung'ata midomo na mashavu tunaviweka pamoja kama tabia za kujirudia zinazolenga mwili, na mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa 2013 ulivitaja jirani na ugonjwa wa kurudiarudia mambo, lakini pale tu vinapomletea mtu mateso au kumharibia maisha na ameshajaribu kuacha akashindwa. Walio wengi hawafiki huko. Unang'ata ukiwa umeboeka, ukiwa na wasiwasi, au ukiwa umezama kwenye kazi, kidole kinakuta kijikona kimechongoka kinataka kukilainisha, unang'ata, panachongoka zaidi, mduara unaanza upya. Kichungu na fimbo havijawahi kuufikia huo mduara, vinaongeza aibu, na aibu ni stresi nyingine ya kung'atia.

Kinachosaidia kina umri mkubwa tu. Wanasaikolojia Azrin na Nunn walikiandika 1973 na mpaka leo ndio tunaanzia. Wiki ya kwanza huachi kitu, unaandika tu ni saa ngapi, uko wapi, kidole gani, ulikuwa unafanya nini. Ukishajua mtego wako uko wapi (wako umeshasema, kompyuta), unachagua kitu ambacho mkono hauwezi kufanya huku ukiwa mdomoni, kwa mfano kukunja ngumi au kushika ukingo wa meza dakika moja mpaka tatu, na unakifanya pale hamu inapoanza, sio ukishamaliza kung'ata. Kata kucha fupi, beba tupa ndogo ule mchongoko uulainishe nayo, bandika plasta kwenye kidole kinachoonewa zaidi. Kucha ya mkono inakua kama milimita 3 kwa mwezi kwahiyo ipe miezi sita ndio uione nzima. Kona ya kucha ikivimba, ikipiga kama moyo na kutoa usaha, hiyo sio ya kuminya nyumbani. Na mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba kuna mahali minyoo na kung'ata vinakutana kweli, ila safari inaenda kinyume: mayai ya baadhi ya minyoo yanakaa chini ya kucha, ukizing'ata unayameza.

Kwahiyo "ni stresi tu?" Stresi ipo, sikatai, ila hilo neno "tu" liondoe. Stresi haibonyezi kucha zikawa kijiko. Na hata ikiwa ni stresi, ukijikuta unaficha mikono, unajitoa damu, au kichwa hakitulii hata usiku, kumwona mnasihi au mwanasaikolojia ni matibabu kamili kama haya mengine.

Usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo, ukizimia au kutaka kuzimia, moyo ukienda mbio umekaa tu, kifua kikibana au taya likiuma kila ukitembea haraka na kutulia ukipumzika, au ukipata choo cheusi kama lami kabla hujaanza vidonge vyovyote. Kingine ambacho watu wanakipuuza, ukiamka umejing'ata ulimi hasa ubavuni, mwili unauma kama umebeba mizigo, pengine na kitanda kimelowa, hapo usiseme "nimeota vibaya", inaweza kuwa degedege la kifafa la usiku. Na kama kuna msomaji aliyevuka miaka 50 ambaye taya linachoka akitafuna, ngozi ya kichwa inauma akiigusa na macho yanaanza kuleta ukungu, hiyo ni dharura, macho yanaweza kupotea.

Wewe wiki hii kapime picha kamili ya damu, ferritini na ujauzito, nenda na kikaratasi chenye siku za hedhi yako na idadi ya pedi. Daktari wa meno panga baada ya hapo. Barafu kama huwezi kuiacha kwa sasa iache iyeyukie mdomoni, usiivunje. Na majibu yakitoka niandikie namba zenyewe, usiniandikie "wamesema iko sawa".